Kengele ya mkanda wa abiria ililia siti ikiwa tupu, nilivyoimaliza bila kukata waya

Gari letu ni dogo la familia, mtumba wa Japani lenye mlango wa pembeni wa kuburuta, tumelitumia miaka kadhaa hapa Mbeya na upande wa umeme halijawahi kutusumbua mpaka masika ya mwaka huu ilipoanza hii kengele. Ile taa nyekundu ya mkanda wa abiria, iliyopo katikati ya dashibodi karibu na saa, ilikuwa inawakawaka siti ya kushoto ikiwa haina mtu, hamna begi, hamna mkoba, hamna hata kanga, na ukishapita mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa ndo inaanza sasa, ti ti ti ti, kutoka Uyole mpaka mjini, watoto nyuma wameziba masikio.

Kwa magari mengi hiyo kengele ikilia kwa muda fulani huwa inaacha yenyewe hata kama mtu hajafunga, inabaki taa tu. Ya kwetu ilikuwa haiachi, kila tukiruka tuta inakata kidogo alafu inaanza upya kabisa kama ndo kwanza mtu amekaa. Hilo la matuta nililishika akilini na baadae lilinisaidia sana.

Gereji ya kwanza niliyopeleka, fundi hata hakuinama kuangalia chini ya siti, akanambia mama hii tunakata waya mmoja tu, elfu kumi, unaondoka na ukimya wako. Nikamuuliza waya gani, akasema huo huo wa kengele. Sikukubali. Duka la spea la jirani nao wakanionyesha vile vichuma vya kuchomeka kwenye loki ya mkanda, gari lidhani mtu amefunga, vinauzwa vimening'inizwa ukutani pamoja na manukato ya gari, na watu wananunua kweli, hilo ndo linaniuma zaidi maana anayenunua hana shida na kengele, ana shida na mkanda.

Niseme wazi kwa nini nilikataa. Anayekaa siti ile mara nyingi ni mama yangu, tunapanda nae Tukuyu kwenda shambani na kurudi, na mama ni wale wa kusema mkanda unanibana, mi nimepanda magari toka ujana wangu bila hayo mambo. Kinachomfanya avute mkanda ni hiyo kengele, mimi nikimwambia ananijibu, kengele ikimwambia anafunga. Na njia yenyewe mnaijua, Isyonje pale ukungu unashuka saa nane mchana humuoni aliye mbele yako, malori ya viazi yanatoka pembeni, alafu kuna ule mteremko wa kuingia Kiwira. Shirika la Afya Duniani wanasema mkanda unampunguzia aliyekaa mbele hatari ya kufa kwenye ajali kwa asilimia 45 hadi 50, yaani karibu nusu. Sasa nimnyamazishie mama yangu kitu kama hicho kwa elfu kumi? Siku moja aliniambia mikanda ni mambo ya juzi juzi tu, nikamwambia mama huu wa kupita begani na kiunoni aliubuni Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo kule Sweden, mwaka 1959, wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Akacheka, akafunga.

Basi kabla ya kwenda kwa fundi mwingine nikakaa na mume wangu tukaanza kulichunguza wenyewe, na hapa naeleza polepole maana ndipo penye msaada. Kengele ya abiria inategemea vitu viwili. Kimoja ni sensa iliyolala ndani ya mto wa siti, ni kama karatasi mbili za plastiki nyembamba zenye vipande vya chuma, ukikalia vinagusana gari linajua kuna mtu. Kingine ni swichi ndogo iliyomo ndani ya loki, pale chini unapochomeka ulimi wa mkanda, ukichomeka inaliambia gari tayari amefunga. Gari likisikia mtu yupo na mkanda haujafungwa ndo linalia. Kwa hiyo kama inalia bila mtu, kuna taarifa ya uongo inaingia, na kujua inatoka wapi hakuhitaji mashine. Tulifunga mkanda wa siti ile ile tupu, tukaendesha. Kimya. Taa imezima. Maana yake swichi ya loki ni nzima, inafanya kazi yake, anayedanganya ni upande wa kukalia. Ingekuwa tumefunga na bado inalia tungejua tuanzie kwenye loki.

Hatua ya pili tukaisogeza siti mbele na nyuma gari likiwa limewashwa switchi tu, injini imezimwa, huku mmoja anaangalia taa. Siti ikiwa mbele kabisa taa inazima, ukiirudisha nyuma inawaka. Mto wa siti haujaguswa na mtu, kinachocheza ni waya za chini. Hapo nikaunganisha na yale matuta.

Nikapata fundi umeme mmoja kijana hukuhuku Uyole, nilielekezwa na mwalimu mwenzangu, na nilipomwelezea vipimo tulivyofanya akasema dada umenipunguzia nusu ya kazi. Kitu cha kwanza alichofanya ndo kilichonifanya nimwamini. Alifungua boneti akachukua spana namba 10 akavua waya wa hasi wa betri, akauweka pembeni usiguse betri, akasema sasa tunasubiri kwanza, akaenda zake kunywa chai. Nikamuuliza kwani kubadilisha waya wa kengele mpaka uvue betri? Akanambia chini ya siti hizi kuna soketi za njano, na njano kwenye gari ni rangi ya mfumo wa eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea, ndani ya mkanda wenyewe kuna kifaa chenye baruti kidogo kinachouvuta ukukaze ajali ikitokea, na umeme wake unabaki umehifadhiwa dakika kadhaa hata betri ikitolewa, sasa fundi anayeingia pale na testa yake ya taa anapapasa papasa anaweza kukilipua kikiwa mkononi mwake. Soketi ya njano hagusi na mita hata siku moja. Nikafikiria yule wa kukata waya "huo huo wa kengele", nikashukuru Mungu.

Baada ya chai akafungua siti, nati nne za spana namba 14, akailaza nyuma bila kuing'oa waya. Akaingiza mkono chini ya kapeti akautoa umelowa. Kapeti juu halionyeshi kitu, umelishika ni kavu, lakini sponji yake ya chini imejaa maji unakamua yanachuruzika. Na soketi ndogo nyeupe ya sensa ilikuwa imelala moja kwa moja kwenye hayo maji. Aliichomoa akanionyesha kwenye mwanga wa simu, pini mbili zimeota ule ukungu wa kijani wa shaba, na kati ya pini moja na nyingine ukungu umejenga kadaraja kabisa, umeme unapita hapo kama vile mtu amekaa. Nilipiga picha, ninayo mpaka leo.

Maji yametoka wapi sasa, maana madirisha tunafunga na mlango hauvuji. Fundi akaramba kidole (mi nisingeweza) akasema sio ya rejeta, ya rejeta yana utamu na yanateleza na yana rangi, haya ni maji safi, haya ni ya AC. Nikabisha, Mbeya hii nani anawasha AC, sisi tunatafuta joto. Akaniuliza ukifika Isyonje kioo kikijaa mvuke unabonyeza nini? Nabonyeza ile ya kuondoa mvuke kiooni. Akasema hiyo hiyo inawasha AC ili ikaushe hewa, na AC ikikausha hewa inatoa maji, yanatakiwa yatoke kwa kamrija kadogo yadondoke barabarani, kamrija kako upande wa abiria na kameziba. Kweli tulipoinama chini ya gari tukakaona, kamejaa tope limekauka mpaka ndani. Alipokapuliza kwa upepo wa kompresa yalimwagika maji chini karibu yajaze kopo la lita moja.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya uvumilivu. Pini alizisugua kwa mswaki mkavu na spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme, akaziacha zikauke, akazikaza kidogo kwa koleo maana zilikuwa zimelegea, akarudisha soketi na kuifunga juu kwenye fremu ya siti kwa vikamba vya plastiki ili isilale chini tena, akaacha waya ulegee wa kutosha siti ikisogezwa usivutike. Kapeti ilibidi tulitoe, na kapeti la gari Mbeya mwezi wa nne halikauki kwa jua, tulilisimamisha jikoni usiku karibu na mkaa, siku zile gari linaendeshwa na bati tupu upande wa kushoto. Msirudishe kapeti bichi jamani, mtarudi palepale.

Tulipowasha, taa ya mkanda kimya siti ikiwa tupu, akakaa mtu ikawaka, akafunga ikazima. Alafu fundi akanionyesha kitu kingine, taa ya eabegi, iwake sekunde chache ukiwasha switchi kisha izime. Isipozima huenda kuna soketi haijarudi vizuri, na isipowaka kabisa huenda kuna mtu ameitoa taa ili kuficha tatizo, hiyo muiangalie hata mkinunua gari mkononi mwa mtu. Nililipa elfu thelathini na tano pamoja na spreyi. Ni zaidi ya elfu kumi ya yule wa kwanza ndio, lakini yule angekata, maji yangeendelea kujaa chini, ukungu ungehamia kwenye soketi za njano. Na kuna magari ambayo hiyo sensa ya siti ndiyo inayoiambia eabegi ya abiria ifumuke au isifumuke, ukiichomoa umemuondolea abiria vyote viwili.

Mama tulipoenda nae tena Tukuyu alikaa, ikalia, akafunga mwenyewe, akauliza imepona? Nikamwambia imepona. Ndaga fijo, akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akarudi kwenye habari za ndizi zake.

Jirani yangu alivyosikia akaleta la kwake, yeye lake ni la siti saba na tatizo ni kinyume, dereva amefunga na bado inalia. Tukafanya kipimo kilekile tukajua ni loki. Kwa tochi ya simu ndani ya tundu la loki kulikuwa na kijiti cha pipi kimevunjikia humo, na vumbi la biskuti limegandana, ana wajukuu wadogo. Kijiti kilitoka kwa kibano, kengele ikatulia wiki hizo mbili tatu alafu ikarudi kwa sababu swichi ya ndani ilishachoka, ukiutikisa ulimi inazima ukiuachia inawaka, na wakati mwingine ulimi wenyewe ulikuwa unachomoka bila kubonyezwa. Hapo hamna kusafisha tena, loki inabadilishwa.

Tukaenda nae Mwanjelwa kwenye spea za mtumba. Loki ya kwanza tuliyopewa ilikuwa safi inang'aa, bei nzuri, lakini nikamwambia muuzaji naomba uiweke pembeni ya nyingine ya aina hiyohiyo, na ilipowekwa ilikuwa fupi, shingo yake imejikunja imezama chini. Loki ya namna hiyo imetoka kwenye gari lililopata ajali, kile kifaa cha kukaza kimeshalipuka na hakilipuki mara mbili. Muuzaji alikuwa muungwana, akaichukua mwenyewe akaitupa kwenye vyuma chakavu, akatuletea nyingine yenye shingo ndefu na soketi yake nzima. Fundi wa Uyole aliifunga jioni ileile, betri kwanza.