Isiyopungua Tano: Siku Moja Nyumbani Kwetu na Hesabu, Kifaransa na Kiarabu

Saa 11 alfajiri

Kabla sijawasha jiko nasimama kwenye mlango wa chumba cha binti yangu na kumsikiliza. Akiitikia kwa sauti ya kawaida, tunasoma. Akisema miguu inauma, vitabu vinabaki kabatini, na siku inakuwa ya dawa, maji ya uvuguvugu na kukandwa. Ana miaka 16 na ana selimundu. Leo amejibu: "Shikamoo mama. Nipo salama." Nikamshukuru Mungu, nikaenda kukaanga vitumbua vya oda.

Nieleze kidogo tumefikaje hapa. Alipoingia kidato cha tatu maumivu yalimwandama. Analala wiki moja, akirudi darasani anakuta wenzake wameshavuka mada mbili. Shule ikatuita, ikatuambia mahudhurio yake hayatoshi. Mimi nilikuwa mwalimu wa Hisabati wa sekondari. Tukakaa na baba yake tukapiga hesabu zetu za nyumbani, nikaacha kazi. Sasa anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Miezi michache baadaye kaka yangu akaniletea mwanawe wa miaka 17. Huyu alianguka kidato cha pili, akaishia kubeba ndoo za samaki kule Deep Sea, mwalo wa wavuvi hapa kwetu Tanga. Anajiandaa kwa QT, ule mtihani wa maarifa unaomfungulia njia ya kidato cha nne mtu ambaye hakuvuka cha pili. Samaki hajawaacha, maana nyumbani kwao wanamtegemea. Alfajiri yuko ufukweni, saa 3 yuko kwangu, ameoga, daftari mkononi.

Saa 2 asubuhi

Saa hii ni ya binti peke yake, kichwa kikiwa bado kina nguvu. Jagi la maji liko mezani, na kila tukimaliza swali anakunywa. Tumezoea hivyo, simkumbushi tena.

Leo ni mada ya dunia kama tufe. Wanafunzi wengi huiogopa kwa sababu vitabu vimejaa miji ambayo hawajawahi kuisikia. Mimi nimempa Tanga na Kigoma. Fungua ramani uone: miji yote miwili iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Tanga iko longitudo 39 mashariki, Kigoma kama 30. Tofauti ni nyuzi 9.

Hatutumii kikokotoo. Amefungua kitabu cha majedwali, ameteremka na kidole mpaka kosaini ya nyuzi 5, akaandika 0.9962. Akachukua nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,370, na pai ya 3.14, akazidisha pole pole, akapata kilomita 996. Kisha nikamuuliza jua. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4, kwa hiyo nyuzi 9 ni dakika 36. Saa zetu na za Kigoma zinasoma sawa, lakini sisi tunaliona jua zaidi ya nusu saa kabla yao.

Akakaa kimya, akaangalia dirishani. "Kwa hiyo sasa hivi tukiwapigia simu, kwao jua liko chini kuliko hapa?" Ndiyo. Swali hilo hakulikuta kwenye kitabu.

Saa 4

Mpwa wangu ameshafika na tumeungana watatu. Somo ni milinganyo ya kipeuo cha pili: yeye anaihitaji kwa QT, binti anaipitia upya.

Nimewaandikia ubaoni: x² + 10x = 39. Mfano huu ni wa zamani sana. Uliandikwa na mwanahisabati Al-Khwarizmi huko Baghdad, karibu mwaka 820, ndani ya kitabu ambacho jina lake limebeba neno al-jabr. Aljebra imetoka hapo. Nikamgeukia mpwa wangu, maana amesoma chuo cha Kurani tangu mdogo na herufi za Kiarabu anazimudu kuliko mimi. "Jabr ni nini?" Akasema anajua Jabari, lakini maana ya neno lenyewe haijui. Nikamwambia ni kurudisha kilichopungua mahali pake, na kwamba neno hilohilo hutumika kwa kuunga mfupa uliovunjika. Binti akajishika goti. Hakusema kitu, na mimi sikusema.

Usiku wa jana nilikata boksi la biskuti. Kipande kimoja ni mraba ambao sikuwaambia upande wake. Vipande viwili ni mistatili: upana sentimita 5, urefu sawa na upande wa ule mraba. Nikawaambia vyote vitatu kwa pamoja vina eneo la sentimita za mraba 39. Mraba ni x². Kila mstatili ni 5x, viwili ni 10x. Vipangeni.

Mpwa wangu akaubandika mstatili mmoja kulia kwa mraba na mwingine chini yake. Akalitazama umbo, akaweka kidole kwenye kona iliyobaki wazi.

"Shangazi, hapa pana pengo."

"La ukubwa gani?"

Akapima kwa macho, halafu kwa rula. Tano kwa tano. Nikampa kipande cha nne, akakipachika, na umbo zima likawa mraba mmoja mkubwa. Binti alikuwa ameshaanza kuandika: 39 ujumlishe 25 ni 64, upande wa mraba mkubwa ni 8, toa 5, x ni 3. Lakini mpwa wangu hakumsikiliza. Alichukua rula akaiweka juu ya ule mraba mdogo wa kwanza, akainama mpaka pua ikakaribia meza.

"Tatu," akasema. Akapima upande wa pili. "Tatu, Shangazi. Ni tatu kweli."

Kijana huyu aliambiwa mara nyingi kwamba hesabu si fungu lake. Nimefundisha darasani miaka 12, na sikumbuki uso wa mwanafunzi ulioniingia moyoni kama wake asubuhi hii.

Binti akauliza lile jibu jingine liko wapi. Swali zuri. Mzizi wa 64 ni 8 na pia ni hasi 8, kwa hiyo x inaweza kuwa hasi 13. Ukijaribu inakubali: 169 ukitoa 130 unabaki na 39. Boksi haliwezi kuonyesha upande wa hasi 13, na Al-Khwarizmi mwenyewe hakuyahesabu majibu hasi. Mtihani unayataka yote mawili, na anayeandika moja anapoteza alama.

Saa 7 mchana

Wali, mchuzi wa changu aliotuletea mpwa wangu, tembele. Mezani tunacheza mchezo wa mizizi ya Kiarabu. Mtu anatoa herufi tatu, wengine wanataja maneno. Nilitoa k-t-b: kitabu, katibu, maktaba. Mpwa wangu akatoa h-s-b: hesabu, hisabati, mhasibu. Akatoa d-r-s: darasa, madrasa. Anataka kufanya Kiarabu kidato cha nne, na namuunga mkono. Alifundishwa kusoma bila kuelewa, na sasa kila akigundua kuwa nusu ya maana ameibeba kwenye Kiswahili chake mwenyewe, anapata hamu ya kuendelea.

Baada ya hapo swala, na binti analala saa nzima. Usingizi huo haujadiliwi.

Saa 9 alasiri

Amekuja mama wa Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, anayeuza vitenge mjini kwetu. Tuna makubaliano: yeye anazungumza Kifaransa na binti yangu saa moja, mara mbili kwa wiki, na mimi namfundisha mwanawe hesabu Jumamosi. Hakuna pesa inayopita.

Anamwita binti yangu "maman", kama wanavyowaita watoto wa kike kwao. Leo binti alimsimulia safari ya kliniki, akaandika "je suis allé", yaani nilikwenda. Mama yule akagusa neno la mwisho: anayesema ni msichana, ongeza e. Binti akaniangalia, maana tumelizungumza sana. Mtoto wa Kiswahili haogopi upatanisho wa Kifaransa akishaelezwa vizuri. Anasema kitabu kidogo, meza ndogo, mti mdogo, embe dogo, bila kufikiri. Le livre est petit (kitabu ni kidogo), la table est petite (meza ni ndogo) ni jambo lilelile, na Kifaransa kina makundi mawili tu ya nomino. Sisi tuna ngeli ngapi? Nimeona walimu wakiifundisha sarufi hii kama kitu kigeni kabisa, na inanisikitisha, kwa sababu mtoto tayari ana mlango wa kuingilia.

Halafu ikaja ile 996 ya asubuhi. Binti alitaka kumwambia umbali wa Kigoma. Akasema kama kitabu chake kinavyofundisha: neuf cent quatre-vingt-seize, yaani 90 na 6 inatamkwa nne-ishirini na kumi na sita. Mama wa Uvira akatikisa kichwa kwa upole. Kwao Kongo, na hata Burundi na Rwanda, husema nonante-six. Tisini na sita, basi. Binti akaandika zote mbili: ya kitabu kwa ajili ya mtihani, ya Uvira kwa ajili ya watu atakaokutana nao ng'ambo ya ziwa.

Saa 11 jioni

Ninalotaka wazazi wenzangu walisikie ni la saa hii. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Hisabati huburuta mkia, na tunasema watoto hawajui hesabu. Mimi nakaa nao uso kwa uso kila siku, na ninaona kwamba mara nyingi hawajui swali. Wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza, kila kitu kinageuka Kiingereza.

Nilimpa mpwa wangu swali la Kiingereza: mvuvi anahitaji "at least 5" boxes za barafu. Akaandika x < 5. Nikamuuliza kwa nini. Akasema "least" ni kidogo kabisa, kwa hiyo ni chini ya tano. Ukimsikiliza, ametumia akili sawasawa, ila neno limempotosha. Ndivyo alivyofanya kwenye mtihani ule aliofeli, na akawekewa alama ya kukosa bila mtu kumuuliza.

Nikamwambia funga kitabu. Mvuvi anahitaji maboksi yasiyopungua 5. Akachora alama bila kusita: x ≥ 5. Na yasiyozidi 5? x ≤ 5. Kiswahili kimeiweka alama ndani ya neno lenyewe, kupungua na kuzidi. Sasa kazi yake ni kujenga daraja: "at least" ni isiyopungua, "at most" ni isiyozidi. Ameyaandika kwenye daftari lake dogo la maneno, pamoja na "hence", ambalo kwenye mtihani lina maana ya tumia ulichokwisha kukipata, usianze upya.

Kiingereza lazima wakijue, mtihani ndivyo ulivyo. Lakini nakifundisha kama lugha ya kigeni, jinsi ninavyofundisha Kifaransa, hatua kwa hatua, na hesabu naiacha ieleweke kwanza.

Saa 3 usiku

Kuna upepo wa baharini, nimemfunika binti kitenge mabegani. Amechoka lakini hana homa. Nasahihisha madaftari.

Kwenye la mpwa wangu nimekuta swali ambalo sikulitoa. Amelitunga mwenyewe kwa Kiingereza cha kuungaunga: mtu ana ndoo za pweza, lazima auze "at least" ndoo 8 ili apate nauli na mafuta ya mashine, na boti haibebi zaidi ya 14. Chini yake ameandika x ≥ 8, x ≤ 14. Pembeni, kwa herufi ndogo, ameweka Kiswahili chake: zisizopungua, zisizozidi.

Nimeweka vema mbili kubwa. Kesho binti ana kliniki, kwa hiyo hesabu tutaifanyia kwenye benchi la kusubiri. Vipande vya boksi nimeshavitia kwenye mkoba.