Kuku Kichwa Chini: Nilivyoacha Kuchimba Mashimo Nyuma ya Nyumba

Mwaka wangu wa kwanza wa kuuza kuku wa kienyeji, hasara nilikuwa naihesabu kwa mashimo. Kila mzigo ukiingia, kesho yake nachimba nyuma ya nyumba nazika wawili, watatu, siku mbaya saba. Cha ajabu, kuku walikuwa wanatoka Singida ndani ya basi, safari nzima hiyo, wanafika stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, wazima. Wanakuja kufia kwenye kale kakipande ka Mbezi mpaka Manzese!

Ushauri sikukosa. Jirani wa meza alisema nimelogwa. Mwingine akasema niwatilie panadol kwenye maji. Mwenye nafuu kidogo alisema ni mdondo, nichanje. Chanjo ni kitu cha maana na mpaka leo sinunui kwa mfugaji asiyechanja, ila haikupunguza mashimo. Na kuku aliyekufa kabla ya kisu ni kibudu, hata ushushe bei namna gani mama ntilie mwenye akili zake hamgusi.

Asubuhi moja kijana wangu wa bodaboda anashusha mzigo kama kawaida: kuku wamefungwa miguu mafungumafungu, wananing'inia kichwa chini kushoto na kulia kwa usukani kama nguo kwenye kamba. Bwana mifugo alikuwa anapita.

"Mama, hawa wamekukosea nini?"

Nikacheka. Wenzangu walishanifundisha kwamba bwana mifugo akisimama hapo anatafuta ya soda. Nikakunja noti, nikamwekea kiganjani huku namsalimia kwa heshima zote. Akaifungua, akaitazama, akanirudishia mbele za watu. Aibu niliyopata siku hiyo siwezi kuipima. Akatoa simu akaniambia nisome: Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Miaka yote hiyo ipo, mimi nauza kuku sijawahi kuisikia! Nilijua sheria za wanyama ni za tembo na twiga. Kumbe wale wana ya kwao, ya kuhifadhi wanyamapori, ya 2009. Hii nyingine inamhusu hata punda wa maji na kuku wangu.

Akanihesabia uhuru wa aina tano kwa vidole: mnyama asipate njaa na kiu, asikae pabaya, asiumie wala kuugua bila kutibiwa, aweze kuishi kwa tabia yake ya asili, asiishi kwa hofu. Jirani akadakia kwamba hizo ni sheria za Wazungu. Ni kweli, mambo ya uhuru huo yalianzia Uingereza miaka ya 1960. Lakini bibi yangu kule Singida hakusoma hata darasa moja, na kuku wa kumpelekea mgeni alikuwa anambeba kwapani, kamkumbatia. Ukimshika miguu mbele yake unachapwa wewe.

Ila kilichonifungua macho si sheria. Ni bwana mifugo kuniambia kwamba kuku hana ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo kama sisi. Ukimning'iniza kichwa chini, matumbo yanalalia sehemu za kupumulia, anahema kwa shida. Nikaona kumbe mwaka mzima nalipa nauli ya kunyonga mali yangu mwenyewe.

Sasa hapa ndipo nilipojifanya mjanja. Tenga la kubebea kuku lilikuwa kama elfu kumi hivi, nikaona ghali. Nikaomba boksi la friji dukani kwa shemeji yangu, nikalitoboa matundu kwa kisu, nikaingiza kuku arobaini, nikalifunga nyuma ya bodaboda kwa mpira. Kijana akaniambia, "Mama, leo kuku wamepanda cheo." Nikajisikia haswa.

Kufika Kimara ikanyesha. Si manyunyu, mvua yenyewe. Boksi likalowa, likalegea, mimi nafuata nyuma kwenye bodaboda nyingine naona tako la boksi linashuka taratibu. Nikapiga kelele. Nadhani kelele zangu ndizo zilizolimalizia. Kuku wakamwagika mpaka njia ya mwendokasi! Basi limesimama linapiga honi, jogoo mmoja mwekundu kasimama mbele yake anajikung'uta maji, hana habari. Mtu akanipigia kelele kutoka kituoni, "Mama, kuku wako hajakata tiketi!" Wanafunzi, mafundi, wamachinga, wote wakaingia kunisaidia kukamata. Wengine walikamata moja kwa moja, mpaka leo hawajarudisha. Nilifika sokoni na kuku ishirini na tisa, viatu sina.

Nikanunua matenga. Kila tenga naweka kumi na wawili, joto likizidi kumi, na urefu wake uwe wa kuku kusimama bila kuinamisha shingo. Majogoo tenga lao, la sivyo wanafika wamechanana vilemba. Bodaboda nikaacha, nikahamia guta. Nauli imeongezeka kiasi, lakini nikitoa bei ya wale niliokuwa nazika, naona kama napanda bure.

Ujanja ninaojivunia zaidi ni wa usiku. Kuku hatoki jasho. Mwili wake una joto la kama nyuzi 41 akiwa mzima kabisa, na njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema mdomo wazi. Sasa umpitishe Morogoro Road saa saba mchana mwezi wa pili, kwenye foleni! Mimi nawachukua Mbezi giza likishaingia. Gizani kuku hutulia, hata kelele hapigi. Juu ya tenga natandika gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, pembeni naacha wazi hewa ipite. Wakifika, maji kwanza, chakula baadaye. Na kibali cha kusafirisha kinakuwa kimeshaandikwa kule kule wanakotoka, hicho usije ukakisahau ukadhani tenga zuri litakutetea.

Mara ya mwisho kuzika kuku ni kabla ya Ramadhani, na yule alikuwa mgonjwa tangu mwanzo, nililazimisha kununua kwa tamaa ya bei.

Wanaonishinda mpaka sasa ni wateja. Nimekusanya maboksi madogo ya mafuta, nimeyatoboa, nawauzia kwa mia tano. Wapo wanaochukua. Wapo wanaosema, "Dada, kuku ndiye anayekwenda kuchinjwa, boksi la nini?" Anamkamata miguu, anaondoka naye kichwa chini, nami nabaki namwitia mgongoni, "Kwapani, kaka! Mbebe kwapani!"