Wiki mbili kwa pikipiki, njia ya Kasumbalesa

Jumapili, saa mbili usiku. Gari bado liko kwa fundi. Alinionyesha gasketi ya kichwa cha injini: kati ya silinda ya pili na ya tatu kuna alama nyeusi, nyembamba kama mstari wa penseli. Mstari huo ndio uliokuwa ukinichemshia maji tangu Pasaka. Aliponitajia bei nikanyamaza. Tangu siku hiyo naenda kazini kwa pikipiki ya mdogo wangu, na kesho ni lazima nimpe fundi jibu: nilipe, au niliuze gari vile lilivyo ninunue pikipiki yangu mwenyewe.

Kwa asiyeijua njia hii, kutoka hapa Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni karibu kilomita 90 za lami. Nazipita siku nne kila wiki, kwenda na kurudi, kwa sababu ya makaratasi ya forodha. Shaba na kobalti ya Kolwezi na Likasi inateremka humo kwenda Zambia na bandari za mbali. Kutoka huko inapanda asidi, mashine, unga, sabuni, karibu kila kitu tulicho nacho nyumbani. Reli ilifika mji huu mwaka 1910, tena ikitokea upande huohuo wa mpakani, kwa njia ya mji wa Sakania. Kila nikinaswa nyuma ya lori la matela mawili nawaza ingekuwaje kama nusu ya mzigo huu ungepanda treni.

Esansi, yaani petroli, hainisumbui kichwa. Gari langu linakunywa karibu lita 15 kwenda na kurudi. Pikipiki ya cc 125 haifikishi lita 5.

Kilichoniteka ni muda. Karibu na mpaka malori yanajipanga mstari usioisha, na mwenye gari anakaa hapo akihesabu migongo ya matela. Pikipiki inapita pembeni, kwenye udongo. Wiki hii siku tatu nimefika nyumbani kabla ya bukari, ugali wetu, kupoa. Alhamisi nilimsomea binti yangu imla, sentensi moja moja, naye akiandika ulimi nje. Nilikuwa sijawahi kuona mwandiko wake umekua hivyo.

Halafu kuna suala la kuona. Gari langu lilitoka Japani, usukani uko kulia, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia. Nikiwa nyuma ya lori sioni chochote mpaka nitoe nusu ya gari kwenye njia ya wanaokuja. Miaka sita nimekuwa nikimuuliza yeyote aliyekaa kushoto kwangu, "Kuna mtu?", na kukabidhi uhai wangu kwa jibu lake. Kwenye pikipiki nasogea kushoto kidogo tu, naiona barabara yote.

Lakini kuona si kupita. Ukifika ubavuni mwa tela, upepo unakatika ghafla, pikipiki inakuwa nyepesi, unadhani mambo ni mazuri. Ukifikia usawa wa kichwa cha lori, upepo wote unarudi kwa mara moja na kukusukuma kushoto, na mikono inapaswa kujua hilo kabla yako. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Ukipepesa macho mara mbili umeshapita nyumba mbili.

Jumanne lori lililokuwa likija liliamua kulipita jingine, taa zote zikiwaka, upande wangu. Niliingia udongoni. Ukingo wa lami pale umekatika kama ngazi, gurudumu la mbele likateleza, sikuanguka. Vumbi jekundu lilipotulia nikajikuta nimesimama kando ya magunia ya makala, yaani mkaa, na mama mmoja anayeyauza akanisogezea kiti chake cha mbao. "Pole, Papa. Ikala kwanza." Akanipa maji kwenye kikombe cha plastiki cha kijani. Nilikishika kwa mikono miwili kwa kuwa mmoja haukutosha, na bado yalimwagika kwenye suruali. Hakuniuliza kitu. Nilikaa hapo mpaka malori mengi sana yamepita.

Dada yangu ni muuguzi. Yeye anarudia jambo moja tu: kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40 mtu akianguka, kwa hiyo ifunge kamba hata ukienda kununua mkate. Naifunga. Ila nimekwisha kuelewa kwamba asilimia 40 inaacha nyingine nyingi.

Na baridi hii ya Juni! Saa kumi na moja alfajiri vidole havihisi breki. Mke wangu hajasema hata siku moja "usinunue". Anaamka, ananipangia gazeti kifuani chini ya koti, anafunga zipu mpaka shingoni. Kisha anasimama barazani mpaka sauti ya injini iishe. Nilikuwa silijui hilo. Jirani ndiye aliyeniambia. Nilipokuwa nikienda kwa gari alikuwa akirudi kulala.

Novemba mvua itaanza, na mchanga wote huu utakuwa tope juu ya lami.

Jana usiku nilipiga hesabu nyingine niliyopaswa kuipiga zamani. Wenzangu watatu wanaenda mpakani siku zangu zilezile, kila mmoja akilipa teksi, wanne wakibanana kiti cha nyuma. Nikilitengeneza gari niwabebe, lita 15 tukigawana wanne hazifiki 4 kwa mtu, chini ya pikipiki. Foleni haitapungua, najua. Tukiondoka saa kumi tutaikuta fupi asubuhi, lakini jioni nitachelewa tena, na imla itabaki kwa mama yake isipokuwa siku ninayokaa mjini. Hilo linaniuma, naliandika ili nisijifanye haliniumi.

Nimewaandikia wote watatu. Wawili wamekubali. Wa tatu ameuliza atakaa wapi, nikamjibu: mbele, kushoto, na asisinzie.