Kabla ya Kuyamwaga Maji ya Kifua

Kila ninapopokea maabara chupa ya maji yaliyovutwa kifuani mwa mgonjwa mwenye VVU, fomu huwa imeshaandikwa kifua kikuu, na mara nyingi daktari huwa hajakosea, kwani huku kwetu TB ndiyo hujaza maji kwenye utando wa mapafu ya wagonjwa hawa. Lakini ipo limfoma adimu (saratani ya seli nyeupe za damu), iitwayo kwa Kiingereza primary effusion lymphoma, inayoishi ndani ya maji hayo hayo, ikielea kifuani, tumboni au kwenye mfuko wa moyo, kwa kawaida bila uvimbe wowote wa kushikika.

Mwaka 1994, huko New York, Yuan Chang na Patrick Moore walitambua kirusi kipya cha herpesi, cha nane kwa binadamu, katika saratani ya Kaposi. Mwaka uliofuata, wakiwa na Ethel Cesarman, walikikuta pia katika limfoma hii. Kirusi hicho hujificha ndani ya seli B, aina ya seli nyeupe za kinga, na kutengeneza protini iitwayo LANA, ambayo hukifunga kwenye kromosomu ili seli inapogawanyika nacho kirithiwe, na papo hapo huidhoofisha p53, mlinzi wa seli dhidi ya saratani. Katika wagonjwa wengi huambatana na kirusi cha Epstein-Barr, kile kilichoonekana mwaka 1964 katika seli za uvimbe wa Burkitt, limfoma nyingine, kutoka Uganda.

Kirusi hiki cha Kaposi kimeenea sana Afrika Mashariki, na ndiyo maana naamini baadhi ya wagonjwa wetu wanatupita. Hata kipimo cha ADA, kimeng'enya kilichomo katika maji hayo, tunachokitegemea kutambua TB ya utando wa mapafu, huweza kupanda kwa sababu ya limfoma.

Kwa hiyo mimi huyazungusha maji kwenye sentrifuji, nikapaka mashapo yake kwenye slaidi na kuyatia rangi ya Giemsa. Seli za limfoma hii ni kubwa mno, kiini hakina umbo maalumu, na ute unaokizunguka ni wa buluu iliyokolea, wenye sehemu nyeupe kidogo kando ya kiini. Kwa kawaida hazina CD20, protini ya juu ya seli B ambayo dawa ya limfoma iitwayo rituximab huishika, hivyo dawa hiyo haina pa kushika. Nikiziona, napiga simu wodini kabla sijaandika majibu, kwa sababu wengi wa wagonjwa hawa wamekuwa wakiishi miezi tu tangu kutambuliwa, na ARV pamoja na dawa za saratani haziwezi kusubiri miezi sita ya vidonge vya TB.