Kijitabu cha kurasa 16: jinsi nilivyovuka kiwango cha kati cha usanifu wa grafiki

Kozi ya awali niliimaliza kwa alama nzuri. Nilijua kuchora nembo, kuondoa mandhari nyuma ya picha, kupanga tabaka na kutia kivuli kwenye maandishi. Nilipojiandikisha kiwango cha kati katika chuo cha jamii, masomo ya jioni baada ya kazi, nilitarajia kuongezewa mbinu za programu.

Siku ya kwanza mwalimu alituambia tufunge kompyuta. Akatuonyesha ukutani bango la tamasha la Beethoven ambalo Josef Müller-Brockmann, msanifu wa Uswisi, alilitengeneza mwaka 1955: matao yanayozunguka, mengine manene mengine membamba, na maandishi machache tu. Hakuna picha ya mpiga muziki, hakuna ala. Akauliza, "Jicho lako limeanzia wapi, likaenda wapi, na ni kitu gani kimelipeleka huko?" Tulikaa na bango lile karibu saa nzima. Sikumbuki somo lolote lililonichosha na kunifurahisha kwa pamoja kiasi kile.

Kazi kubwa ya muhula ilikuwa kijitabu cha kurasa 16, ukubwa wa A5, mada ya kuchagua mwenyewe. Nilichagua huduma ya kwanza kwa mtu aliyeungua, kwa sababu niliwahi kusimama kando ya mtoto aliyemwagikiwa maji ya moto nisijue nianzie wapi. Nilitaka kitu ambacho mtu kama mimi angeweza kukishika mkononi siku hiyo.

Rasimu ya kwanza niliipenda sana. Ilikuwa na fonti nne, miali ya moto nyuma ya kila ukurasa, na vichwa vya habari vinavyong'aa. Katika kikao cha kukosoana, mwenye kazi haruhusiwi kusema, anasikiliza tu. Mwalimu alimpa mwenzangu kijitabu changu akamwambia, "Mtoto ameungua sasa hivi. Afanyiwe nini kwanza?" Akaanza kuhesabu kwa sauti. Mwenzangu akafunua, akafunua, akarudi nyuma. Hesabu ilifika 12 na bado hajapata. Jibu lilikuwepo: poza jeraha kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usiweke barafu. Lakini lilikuwa ukurasa wa 5, katikati ya aya, kwa herufi zilezile zilizobeba maneno mengine yote.

Usiku ule sikulala vizuri. Miali ya moto ilinichukua siku tatu kuchora, na maji yalichukua mstari mmoja uliojificha.

Ushauri wa mwalimu ulikuwa mfupi: toka kwenye skrini. Nilichukua karatasi nne za A4, nikazikunja katikati na kuziingiza moja ndani ya nyingine, nikaandika namba za kurasa kwa penseli. Hapo ndipo nilipoona kwa macho kwamba ukurasa wa 1 umelala karatasi moja na wa 16, wa 2 na wa 15, na kwamba kurasa zinazokaa pamoja kwenye upande mmoja wa karatasi daima zinajumlishwa kuwa 17. Kurasa za 8 na 9 ndizo pekee zilizo kwenye upande mmoja wa karatasi na bado msomaji anaziona zikiwa ubavu kwa ubavu, na kijitabu chenye pini katikati hupenda kujifungulia pale pale. Hatua za dharura zilipaswa kukaa huko. Nimetumia programu ya kupanga kurasa kwa muda mrefu, na haikuwahi kunionyesha jambo hilo kama zilivyonionyesha karatasi nne na penseli.

Kisha nikachukua rula. Nilipima vitabu nilivyokuwa nikivisoma bila kuchoka: pambizo, urefu wa mistari, nafasi kati ya mstari na mstari. Kutokana na vipimo hivyo nikapanga gridi yangu, yaani mistari ya kuongoza nini kikae wapi kwenye kila ukurasa. Herufi za pointi 10 (pointi ni kipimo cha wachapaji, kama theluthi ya milimita), mstari hadi mstari pointi 14, mistari 34 kwa ukurasa. Hiyo ni karibu milimita 168 za maandishi, na ukurasa wa A5 una urefu wa milimita 210, kwa hiyo zilibaki 42 za kugawa: 18 juu, 24 chini ambako vidole hushika. Safu ya maandishi ilikuwa na upana wa milimita 108, na kila mstari ulibeba herufi kama 60, kiasi ambacho jicho halipotei likirudi kuanza mstari unaofuata.

Nikakutana na tatizo ambalo hakuna aliyenionya. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na nilikuwa nimenyoosha maandishi pande zote mbili. Neno kama "yanapotiririka" likikataa kuingia mwisho wa mstari, programu inavuta nafasi kati ya maneno yaliyobaki hadi ukurasa unakuwa na mifereji myeupe. Nikiiruhusu ikate maneno, inakata kwa kanuni za Kiingereza: niliona "wanafun-zi", ilhali kwetu silabi ni wa-na-fu-nzi. Nikazima ukataji, nikanyoosha upande wa kushoto peke yake, na upande wa kulia nikauacha uchezecheze. Kwa maandishi yetu, nadhani huo ndio mpangilio wenye huruma zaidi kwa msomaji.

Darasani tulikuwa na mama mmoja mshonaji, mtu mzima kuliko mwalimu mwenyewe. Nilichapa nakala ya majaribio, nikaikata, na pembeni mwa rangi ya jalada ukabaki uzi mweupe. Alinitazama akasema, "Mwanangu, umekata kitambaa bila kuacha upindo." Mwalimu alikuwa ameshaeleza mara mbili kwamba rangi inayofika ukingoni lazima ivuke milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, maana kisu hakipiti mahali palepale kila mara. Nilielewa siku mama alipotaja upindo. Tangu siku hiyo nilikuwa namwonyesha kazi yangu kabla ya mtu mwingine yeyote, na hakuniachia kitu.

Picha ya mkono chini ya bomba ilikuwa na upana wa pikseli 1,200. Ndani ya safu ilitoka safi, kama pikseli 280 kwa inchi. Nilipoitandaza ukurasa mzima ilishuka hadi kama 200 na kingo za vidole zikafifia, kwa hiyo nikaipiga upya. Weusi wa maandishi nao niliukuta umechanganywa kwa wino zote nne za uchapaji wa rangi. Sahani za kuchapia, moja kwa kila wino, zikipishana kidogo, herufi ndogo zinapata ukungu wa rangi. Nikarudisha wino mweusi peke yake. Hayo yalikuwa marekebisho ya jioni moja.

Miali ya moto niliifuta mwishoni kabisa. Fonti zikabaki mbili. Kurasa za 8 na 9 nikaziacha na hatua nne tu, ya kwanza ikiwa na "Maji baridi yanayotiririka, dakika 20" kwa pointi 36, na chini yake weupe mwingi. Kuuacha ule weupe kulikuwa kugumu kuliko kazi zote. Mara tatu niliweka kitu pale na mara tatu nikakiondoa.

Siku ya kukabidhi, mwalimu alimpa kijitabu mama mshonaji. "Mtoto ameungua sasa hivi," alianza. Kijitabu kilikuwa kimeshajifungua katikati.

"Maji baridi yanayotiririka, dakika 20," mama akasoma, kabla swali halijaisha.

Mwalimu akakichukua, akapitia ukurasa kwa ukurasa, akasimama ukurasa wa 12 na kuzungushia kwa kalamu nyekundu mstari mmoja uliobaki pweke juu ya safu. Kisha akaniuliza kwa nini barafu hairuhusiwi, na tukazungumza juu ya hilo hadi muda ukaisha.