Anayeweweseka ICU Hapigi Kelele Kila Mara

Mgonjwa wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, anayeng'oa mipira aliyowekewa mwilini kila mtu humwona. Anayelala kimya, macho yakitazama dari, huandikwa "ametulia", kumbe naye anaweweseka, yaani akili yake imevurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa, na huyu ndiye tunayemkosa zaidi. Sehemu moja ya kumpima haihitaji mashine. Mshike mkono, mtajie herufi kumi polepole, nne ziwe A, aubinye mkono wako kila akisikia A. Akikosea zaidi ya mara mbili, mwambie daktari.

Kabla ya kumliwaza tafuta kinachomtesa: maumivu, oksijeni ndogo, sukari iliyoshuka, kibofu kilichojaa, choo kilichofunga, maambukizi. Ukiruka hapo, kumkanda miguu hakutasaidia.

Kisha mrudishieni usiku wake. Kigoma jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, lakini wodi nyingi huwasha taa saa kumi ili zamu imalize kuogesha. Ogesheni kukishakucha. Usiku punguzeni taa. Hali ikiruhusu, dawa, kugeuza na vipimo vifanyike kwa mkupuo. Kengele za mashine zisizimwe, ila viwango vyake vipangwe kulingana na mgonjwa huyo, la sivyo zitalia bure hadi alfajiri.

Jioni mkande miguu, dakika 5 kila mmoja, kutoka unyayoni hadi kifundoni, kwa mafuta kidogo. Mawese yaacheni jikoni: yanatia shuka doa na kuficha rangi ya ngozi mnayopaswa kuiangalia. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiukande kabisa. Huenda kuna damu iliyoganda, na donge likichomoka huenda mapafuni.

Muziki nao uwe ule anaoupenda mwenyewe, kwaya au dansi, wa mwendo wa taratibu, nusu saa tu. Redio ya kutwa nzima ni kelele. Anayepumua mwenyewe bila kuhangaika, mwongoze: vuta hewa ukihesabu hadi 4, itoe hadi 6, mara chache. Akichoka, acha.

Ndugu akae karibu, azungumze lugha ya nyumbani. Mama aliyekulia Kasulu aambiwe kwa Kiha maneno kama haya: "Mama, ni mimi mwanao. Leo Jumanne. Uko hospitali, Kigoma mjini. Mpira huu unakusaidia kupumua." Irudieni kila mnapoingia. Akisema anaona nyoka ukutani, msibishane naye wala msikubali. Mwambieni mpo naye, yuko salama, halafu mvisheni miwani yake. Mara nyingi huwa imefungiwa kwenye mfuko wa nguo alioingia nao.