Kipimo kimoja, hesabu mbili

Bahasha ile ilikaa juu ya friji siku nne bila kufunguliwa. Nilijua ni bili. Bili za matibabu hapa Marekani huja na kidirisha cha plastiki, jina lako likichungulia. Nilipoifungua: dola 386. Ilikuwa ya picha ya matiti, ile ya kuangalia saratani, na mimi nilikuwa nimeambiwa ni bure.

Wala aliyeniambia hakudanganya. Sheria ya bima ya afya iliyosainiwa na Rais Obama Machi 2010 inazitaka bima nyingi zilipe huduma za kinga bila kumchangisha mgonjwa hata senti. Kipengele chetu sisi wanawake kilipiganiwa na Seneta Barbara Mikulski wa Maryland, na kuanzia Agosti 2012 mikataba mipya ya bima ikaanza kulipia uzazi wa mpango, kipimo cha kisukari cha ujauzito, hata vifaa vya kunyonyesha. Pampu niliyokamulia maziwa ya mwanangu wa pili ilitoka huko. Nilikuwa nakamua stoo kazini, mlango nimeuegemea kwa mgongo, na mtoto akanyonya mpaka miezi kumi na mmoja. Watu wakibishana kuhusu sheria hii kwenye televisheni, mimi naiona ile pampu.

Basi nilipofika miaka 40 nikaenda kupigwa picha ya matiti. "Shusha bega, usipumue," dada wa mashine akaniambia, na mara ikawa imekwisha. Baada ya wiki simu ikalia: rudi, titi la kushoto halikuonekana vizuri. Usiku tatu sikulala. Niliporudi wakapiga picha nyingine na altrasaundi, na namshukuru Mungu hakukuwa na kitu.

Ndipo bahasha ikaja.

Nilipopiga simu kwenye bima, mhudumu alinieleza kwa upole kwamba picha ya kwanza ilikuwa ya kinga, ya pili ya kutafuta ugonjwa, na hiyo natangulia kulipa mimi kutoka mfukoni mwangu. Titi ni lile lile, chumba kile kile, mashine ile ile! Mimi sikwenda mara ya pili kwa sababu nilikuwa naumwa. Nilikwenda kwa sababu kipimo cha kwanza hakikutoa jibu, na kipimo kisichotoa jibu bado hakijaisha. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi sita.

Kinachoniuma zaidi ni mwenzangu wa kazini. Naye aliitwa tena, hakwenda. Anasubiri kwanza serikali imrudishie kodi ya mapato aliyokatwa zaidi, ndipo apate ya kulipia.

Desemba 2024 idara ya afya ya serikali kuu ilirekebisha mwongozo wake: kwa mwanamke asiye na hatari ya pekee ya saratani ya matiti, picha za ziada zinazohitajika kukamilisha uchunguzi, hata kupima kipande kidogo cha nyama ya titi ikilazimika, zihesabiwe kuwa sehemu ya kinga. Bima zinatakiwa kufuata katika mikataba inayoanza 2026. Bili yangu ilikuja kabla, sitarudishiwa kitu, na bado nilipoisoma habari hiyo nilikaa kitandani nikalia.

Si kila mtu anafikiwa na sheria hii. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2014, baadhi ya waajiri wanaweza kukataa kulipia uzazi wa mpango kwa sababu za dini. Mimi ni mtu wa kanisa, naiheshimu dhamiri ya mwajiri, ila mshahara ni jasho la mfanyakazi, na bima ni sehemu ya mshahara. Asiye na bima na mwenye kipato kidogo aulize idara ya afya ya jimbo lake: upo mpango wa serikali wa kupima saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi.

Mwenzangu nilimwonyesha mwongozo huo kwenye simu wakati wa chakula. Tukapiga simu bima yake pale pale. Tukauliza kama picha ya marudio sasa ni kinga, tukaandika jina la aliyejibu na tarehe. Amepata miadi Alhamisi saa mbili asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini, nitampeleka mimi.